Marudio ya Kiingereza Sekondari: Fasihi, Ushairi, Msamiati na Sarufi

Marudio ya somo la Kiingereza katika shule za sekondari yana sehemu nne zinazojulikana na kila mwalimu: fasihi, ushairi, msamiati na sarufi. Katika ratiba nyingi sehemu hizi hupangwa kana kwamba hazijuani. Jumatatu ni riwaya, Jumatano ni sarufi, Ijumaa ni orodha ya maneno magumu, na ushairi hubanwa pale panapobaki nafasi. Mtihani wenyewe hauzitenganishi hivyo. Nchini Kenya, karatasi ya pili ya Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ina alama 80. Ufahamu una alama 20, dondoo la kitabu teule 25, sehemu ya tatu ambayo mara nyingi ni shairi ina 20, na sarufi 15. Hata hizo 15 hazimalizi sarufi yote, kwa sababu ndani ya dondoo la kitabu teule mtahiniwa anaweza kuombwa aigeuze sentensi ya mhusika iwe usemi wa taarifa. Akiikosa hapo, amepoteza alama katikati ya fasihi kwa kosa la sarufi.

Tanzania hali ni tofauti kidogo. Baraza la Mitihani huchapisha orodha ya vitabu vya fasihi kwenye karatasi yenyewe, riwaya, tamthilia na diwani, na mtahiniwa huchagua vile alivyovisoma ili ajibu swali la insha. Mara nyingi swali hutaka vitabu viwili vilinganishwe. Na mzigo wa somo hili Tanzania hauishii kwenye somo lenyewe. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na biolojia, historia na jiografia kwa Kiingereza. Udhaifu wa msamiati na sarufi humfuata katika kila karatasi atakayoifanya. Ndiyo maana marudio ya Kiingereza yanastahili muda na fikra zaidi kuliko yanavyopewa, na ndiyo maana yanapaswa kuanzia mahali pamoja kwa sehemu zote nne, yaani kwenye kitabu chenyewe kinachosomwa darasani.

Tukianza na fasihi, ugonjwa mkubwa ni muhtasari. Kijitabu cha kurasa chache kinachoeleza dhamira, wahusika na ujumbe wa vitabu sita kinapita mkono hadi mkono bwenini, kinanakiliwa kwenye daftari na kukaririwa wakati wa prepu. Mwanafunzi anaingia chumba cha mtihani akiwa na orodha: rushwa, ndoa za kulazimishwa, mahari, mgongano wa utamaduni wa zamani na mpya. Orodha hiyo si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba inafanana kwa kila kitabu, na swali la mtihani huuliza kile kinachokitofautisha kitabu kimoja na kingine.

Mfano mzuri ni suala la mahari, ambalo limewahi kuchosha madaftari mengi. Katika orodha ya Tanzania kumekuwa na tamthilia mbili zinazoligusa: Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kamerun, na The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka wa Nigeria. Kijitabu cha muhtasari huziweka zote mbili chini ya mstari mmoja, kwamba mahari inamkandamiza mwanamke. Kwa tamthilia ya kwanza mstari huo unasimama. Juliette anarudi nyumbani kutoka shuleni na kukuta baba yake, Atangana, amekwisha kupokea faranga 100,000 kutoka kwa mkulima na 200,000 kutoka kwa mtumishi wa serikali. Yeye hakuulizwa. Anampenda Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Fedha zile zinachukuliwa kwa siri, na mwishowe ndizo zinazomlipia Oko mahari, kwa hiyo baba analipwa kwa fedha alizokwisha kuzipokea. Mwandishi anaibomoa desturi kwa kuifanya ijilipe yenyewe.

Kwenye The Lion and the Jewel mambo yamegeuka. Anayepinga mahari ni Lakunle, mwalimu wa kijiji, mwanamume. Anayeidai ni Sidi, msichana mwenyewe. Sidi yuko tayari kuolewa na Lakunle ilimradi mahari ilipwe, kwa sababu bila mahari kijiji kitadhani hakuwa bikira, na heshima yake itakwisha. Tena mwishoni, Sidi anapokuwa amelala na mzee Baroka, mtawala wa kijiji, Lakunle huyo huyo mwenye hotuba nyingi za maendeleo anaona ahueni kwamba sasa hawezi kudaiwa mahari kamili. Mwanafunzi aliyesoma tamthilia anaweza kuandika kwamba Soyinka hamtetei Baroka moja kwa moja wala hamwamini Lakunle, na kwamba usasa wa Lakunle ni wa maneno ya vitabuni. Aliyesoma kijitabu ataandika kwamba Sidi analazimishwa kuolewa, na msahihishaji atajua papo hapo kwamba kitabu hakikufunguliwa.

Kutokana na hilo, marudio ya fasihi yana kazi tatu ambazo hazina mkato. Kazi ya kwanza ni kusoma kitabu tena chote, safari hii kwa haraka, penseli mkononi, kuweka alama pale tukio linapogeuza mwelekeo. Ya pili ni kuandika kwa kila mhusika mkuu anataka nini, nani anamzuia, na anaishia wapi. Ya tatu, ambayo ndiyo inayoleta alama, ni kuandika aya zenye hoja, tukio na maelezo. Hoja inasemwa kwa sentensi moja. Tukio linatajwa kwa jina la mhusika na jambo alilofanya. Kisha mwanafunzi anaeleza tukio hilo linathibitishaje hoja. Aya nyingi za watahiniwa hufa kwenye hatua hii ya mwisho, kwani tukio limesimuliwa vizuri halafu mwandishi akahamia hoja nyingine bila kulifunga. Kwa dondoo la kitabu teule, kama linavyoulizwa Kenya, huongezeka jambo moja: kujua kilichotokea kabla ya dondoo na kitakachofuata baadaye. Maswali hayo hayana ujanja wowote, ila hayajibiki kwa aliyesoma muhtasari.

Ushairi ndio unaoogopwa zaidi, na woga huo hauna sababu kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Huyu ni mtu aliyekulia kwenye lugha yenye mashairi ya mizani na vina. Ameshahesabu mizani 16 katika mshororo wa tarbia, nane kwa nane, na anajua kibwagizo ni nini. Anapofika kwenye ushairi wa Kiingereza anajaribu kuhesabu silabi vilevile na hesabu inamkimbia. Sababu ni kwamba wimbo wa Kiingereza umejengwa juu ya mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hausumbui. Katika Kiingereza mkazo huhama: unaweza kuwa mwanzoni mwa neno, katikati au mwishoni, na mshairi huupanga upige kwa zamu. Soneti ya Shakespeare ina mistari 14, na mstari wake wa kawaida una silabi kumi lakini mapigo matano. Hakuna njia ya kuyasikia mapigo hayo ila kulisoma shairi kwa sauti. Darasa linalorudia ushairi kimyakimya linajinyima nusu ya shairi.

Mashairi mengi yanayosomwa sekondari, hata hivyo, ni huru, na hapo swali kubwa huwa ni nani anayesema. Watahiniwa wengi huandika "mshairi anasema" kila mstari. Anayesema ndani ya shairi ni nafsineni, na nafsineni si lazima awe mshairi. Okot p'Bitek, aliyesoma Uganda na kisha Uingereza, alitoa Song of Lawino mwaka 1966, na ndani yake anayesema ni mke wa Kiacholi asiyekwenda shule, anayemlalamikia mume aliyezidiwa na Uzungu. Msomi wa chuo kikuu amempa sauti mwanamke wa kijijini amseme msomi mwenzake. Anayedhani Okot na Lawino ni mtu mmoja haoni kilichofanyika.

Henry Barlow, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali, alifanya jambo la namna hiyo katika Building the Nation. Anayesimulia ni dereva. Amempeleka katibu mkuu kwenye chakula cha mchana cha kikazi, bosi amekula na kunywa, dereva amebaki na njaa. Njiani kurudi bosi anamuuliza kama amekula, dereva anajibu kwamba hakula kwa kuwa anapunguza mwili, na bosi naye anadai kwamba hakula kwa sababu ya kazi za taifa. Jioni wote wawili wanafika nyumbani wakiumwa tumbo, kila mmoja kwa sababu yake. Swali la toni hapa linajibika kwa neno kejeli, lakini neno hilo peke yake halipati alama zote. Mtahiniwa anatakiwa aonyeshe kejeli iko wapi: kwenye jina la shairi, linalotaja ujenzi wa taifa wakati kilichofanyika siku ile ni kula, na kwenye adabu ya dereva, anayesema uongo ili asimwaibishe mkubwa aliyemwacha na njaa.

Jina la shairi lina uzito uleule katika A Freedom Song ya Marjorie Oludhe Macgoye, mshairi aliyezaliwa Uingereza na kuishi Kenya tangu 1954. Atieno, mtoto wa miaka minane, anafanya kazi nyumbani kwa mjomba wake. Anaosha vyombo, ananyonyoa kuku, analala juu ya magunia jikoni. Halipwi kwa sababu ni ndugu, na uhuru unaotajwa na jina la shairi haumfikii. Anakua, anapata mimba, anafariki akijifungua, na mazishi yake yanapewa ukarimu ambao uhai wake haukuupata. Jina lake hurudi kila ubeti kama kibwagizo, na mwanafunzi anayejua kazi ya kibwagizo katika nyimbo za nyumbani ataeleza bila shida kwa nini takriri hiyo inauma zaidi kadiri shairi linavyosonga. Namna ya kurudia shairi kama hili ni rahisi kuielekeza. Lisomwe kwa sauti mara mbili. Kisemwe kwa sentensi chache kinachotokea. Atajwe nafsineni. Ndipo zitafutwe taswira, tashbihi na takriri, na kila moja ielezwe inafanya kazi gani mahali hapo. Kutaja jina la tamathali bila kazi yake ni nusu ya jibu.

Msamiati hurudiwa vibaya kuliko sehemu zote. Daftari la kawaida lina safu mbili, neno la Kiingereza kushoto na maana ya Kiswahili kulia, maneno 50 kwa wiki. Neno lililokaririwa hivyo halina rafiki. Mwanafunzi halijui linafuatana na neno gani, linatumika kwa watu au kwa vitu, ni la heshima au la mtaani. Safu mbili zinazaa pia makosa yenye mzizi katika Kiswahili chenyewe. Kitenzi kuazima hutumika kwa anayetoa na anayepokea: mtu huomba "niazime kalamu" na baadaye husema "nimeazima kalamu". Kiingereza kina vitenzi viwili, "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea. Ndipo darasa zima linaposema "borrow me a pen" bila kushtuka. Kusikia nako kwa Mswahili ni kwa sauti, kwa njaa na kwa harufu, na kila kimoja kina kitenzi chake katika Kiingereza.

Dawa yake ni kuandika neno pamoja na sentensi lilimotoka, na sentensi hiyo itoke kwenye riwaya au tamthilia inayosomwa. Chini yake ziandikwe jamaa za neno hilo: nomino yake, kivumishi chake, kielezi chake, kinyume chake. Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa ambayo walimu wengi hawaitumii. Lugha yake hujenga maneno kwa viambishi. Kutoka pika hupatikana mpishi, mapishi, pikia, pikika. Akionyeshwa kwamba Kiingereza nacho hufanya hivyo kwa "un-", "mis-", "-ness", "-able" na vingine, anapata familia nzima kwa bei ya neno moja. Zoezi la kujaza nafasi, ambalo katika karatasi ya kwanza ya KCSE lina nafasi kumi na alama kumi, linapima hasa uwezo huo. Nafasi hutaka neno lenye maana sahihi na pia umbo sahihi, na baadhi ya nafasi hutaka vineno vidogo kama "of", "although" au "the", ambavyo havimo katika daftari lolote la maneno magumu.

Sarufi hufundishwa kwa kanuni, na kanuni hizo mwanafunzi anazijua. Muulize sharti la aina ya tatu linaundwaje naye atajibu. Mpe insha na sentensi inaharibika. Sababu ni kwamba anapoandika kwa haraka Kiswahili chake ndicho kinachopanga sentensi, na marudio yasiyotazama hapo hupita pembeni ya kosa. Sentensi za masharti ni mfano bora. Katika Kiswahili kiambishi -nge- hukaa pande zote mbili: angesoma, angefaulu. Mwanafunzi huhamisha mpangilio huo na kuandika "would" pande zote mbili. Kiingereza huiruhusu upande wa matokeo tu. Upande wa sharti hutumia wakati uliopita. Riwaya inaweza kulifundisha hili vizuri kuliko kitabu cha mazoezi. Katika Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1964, Ngotho anamvamia Jacobo kwenye mkutano wa mgomo na maisha ya familia yake yanaporomoka. Mwanafunzi aombwe aandike: "If Ngotho had not attacked Jacobo, he would not have lost his job." Kisha aendelee na sentensi nyingine tano za namna hiyo kuhusu wahusika wengine wa riwaya, Njoroge, Boro na Howlands. Amerudia sharti la aina ya tatu, na papo hapo amerudia visababishi vya riwaya, jambo ambalo insha itamuuliza.

Kosa la wakati uliotimilika lina mzizi wa jinsi hiyo. Mswahili husema "nimemwona jana" na hakuna anayemkosoa, kwa hiyo huandika "I have seen him yesterday". Kiingereza hakitaki umbo la "have" likae pamoja na wakati uliotajwa na kumalizika. Yapo mengine. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda ndani yake, hivyo "Njoroge alikwenda" hugeuka "Njoroge he went". Yeye ni mmoja kwa mwanamume na mwanamke, hivyo Juliette huanza aya akiwa "she" na kuimaliza akiwa "he". Na lipo kosa la mdomoni linalowagharimu wanafunzi heshima bure. Mwalimu anauliza kwa ukanushi kama mwanafunzi hajasoma kitabu. Kwa Kiswahili, asiyesoma hujibu "ndiyo", akikubali kwamba hajasoma. Kwa Kiingereza, "yes" hapo maana yake amesoma. Mwanafunzi mkweli anaonekana mwongo.

Makosa ya aina hii hayazidi idadi ya vidole vya mikono miwili, na ndiyo yanayojaza insha nyingi kwa wino mwekundu. Darasa likiyaandika kwenye karatasi moja kubwa ukutani, na kila mwanafunzi akaisoma insha yake mwenyewe akitafuta kosa moja tu kwa kila pitio, sarufi itanyooka haraka kuliko kwa kurudia sura zote za kitabu cha kanuni. Usemi wa taarifa na kauli ya kutendwa navyo visichukue mifano ya kubuni. Mabishano ya Sidi na Lakunle yana maneno ya kutosha kugeuzwa kwa vipindi kadhaa.

Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zina nafasi yake, na nafasi hiyo ni mwishoni. Humfundisha mtahiniwa kugawa muda na kusoma maagizo, hasa idadi ya maswali na idadi ya vitabu vinavyotakiwa. Zikitumiwa mwanzoni hugeuka orodha nyingine ya majibu ya kukariri. Utaratibu unaofaa kwa muhula wa mwisho ni kukipitia kila kitabu mara moja kwa ukamilifu, kuandika insha fupi moja kila wiki na kusahihishiwa, kusoma shairi moja geni kila wiki kwa sauti, na kuacha wiki za mwisho kwa karatasi kamili zinazofanywa kwa saa. Mwanafunzi anayejisomea nje ya shule anaweza kuufuata utaratibu huo na mwenzake mmoja, ilimradi wana kitabu.

Na hapo ndipo shule nyingi zinapokwama. Mwalimu anakuwa na nakala moja ya tamthilia, darasa lina wanafunzi zaidi ya 50, na kijitabu cha muhtasari kinauzwa kwa bei ya chini stendi. Wakuu wa shule na kamati za wazazi wanaopanga fedha za vitabu mwaka huu wanunue kwanza nakala za riwaya, tamthilia na diwani zilizo kwenye orodha, hata kama ni nakala kumi za kusomwa kwa zamu, kabla ya kununua muhtasari wowote.